Nyumba Isiyo na Mahali pa Kupishana

Nilifika msibani siku ambayo turubai lilikuwa linashushwa. Injinia alikuwa ameshazikwa kwao Muleba wiki moja kabla, mjane wake amerudi Mwanza na ndugu wachache, na vijana wa viti vya kukodi walikuwa wanateremka navyo kwenye mawe, vitano vitano kichwani. Mimi habari ilinikuta Kahama. Mtu asiye na anwani habari humfikia ikiwa imeshapita kwa watu wengi. Mwalimu Milembe alikuwa amekaa kwenye chumba kikubwa cha chini, kwenye kiti cha marehemu mumewe, miguu ameiweka juu ya stuli kwa sababu ilikuwa imevimba. Aliniangalia muda mrefu. "Shija," akasema, "umechakaa." Nikamwambia, "Shikamoo, Mwalimu. Pole sana." Akaitikia, halafu akasema, "Wote tulidhani umetangulia wewe. Mwenzako alikuwa anasema, yule atakuwa amefukiwa na shimo la dhahabu huko." Tukacheka kidogo, kisha akalia, kisha akainuka kunitengenezea chai mwenyewe ingawa wifi zake wawili walikuwa jikoni wakimwambia akae. Tulipokuwa tunakunywa, wakaingia vijana wawili wa chuo wanaosomea majengo, wakaomba ruhusa ya kupiga picha. Walipiga picha ngazi zinazochomoza ukutani bila nguzo, wakapiga picha jiwe linaloingia ndani kwa upande wa kaskazini, wakalala chali sakafuni wapate dari. Mmoja akauliza kwa adabu nani alikuwa analala chumba cha juu, kile cha upande wa ziwa. "Mama yangu alikaa huko, mwezi mmoja na nusu," Mwalimu akajibu. Akaniangalia, halafu akaenda kutafuta sukari, na sukari ilikuwa mezani mbele yake.

Ndiyo maana naandika. Sitaeleza nilizaliwa wapi wala kwa nini niliacha shule darasa la tano. Hayo hayana tofauti na ya watu wengine. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya tisini, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na minne na nikakaa mahali pamoja muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa kabla au baada. Nimefanya kazi nyingi tangu hapo, nimelala kwenye nyumba nyingi za watu, na nyumba zote hizo nimeziangalia kwa jicho nililolipata mwaka ule. Nikiingia mahali, kwanza natafuta nani atampisha nani, na wapi. Ni tabia inayochosha. Lakini nimezeeka nayo.

Ulikuwa mwaka ambao kila mtu Mwanza alikuwa anaanza kitu. Mashirika ya umma yalikuwa yanafungwa, watu waliozoea ofisi wanarudishwa nyumbani na barua, mitumba inamwagwa kwenye maturubai hadi barabarani Nyamagana. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinaota ufukweni mmoja baada ya mwingine, minofu inaondoka kwa ndege, na sisi wa Kirumba tunakula kilichobaki, mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyokaangwa hadi ikakauka. Yule tuliyemwita Injinia alikuwa mmoja wa waliopewa barua. Alikuwa amechorea serikali shule na zahanati miaka kumi na mitano, zote zinafanana kama matofali, na siku alipotolewa alirudi nyumbani na sanduku la kalamu zake. Hakuwa injinia. Alijitahidi kutueleza hilo mwanzoni. "Mimi ni msanifu majengo," alisema, "injinia anapiga hesabu, mimi nachora." Fundi Masalu, aliyekuwa mkuu wetu pale kazini, alimsikiliza mpaka mwisho akamjibu, "Sawa, Injinia."

Mpango wake ulikuwa huu. Angejenga nyumba moja ambayo ni makazi na ni ofisi, bila mpaka kati ya hivyo viwili, na nyumba hiyo ndiyo ingemtafutia kazi. Mteja akiingia, angemkuta mtu anayeishi ndani ya kazi yake. Alinunua kiwanja ambacho kila mtu alikuwa amekikataa, juu ya Kirumba, mawe matupu makubwa kama malori yaliyopinduka. Mimi kazi yangu ilikuwa kupasua mawe. Unawasha moto juu ya jiwe, kuni na matairi mabovu, unaulisha nusu siku, halafu unamwaga maji ya baridi na kusikiliza. Jiwe linasema lilipochoka. Hapo ndipo unapoweka tindo. Nilipasua mengi, lakini kila asubuhi Injinia alikuja na chaki akaweka alama juu ya lile kubwa kuliko yote, akasema, "Hili lisiguswe. Hili litaingia ndani." Wapasuaji wenzangu waliona amerukwa na akili. Mimi niliacha nyundo nikamfuata kumuuliza litaingia vipi. Akanionyesha mchoro.

Sijui kama nimewahi kupenda kitu kama nilivyopenda ile karatasi. Ilikuwa karatasi ya mafuta inayoonyesha upande wa pili, imechorwa kwa wino mweusi, mistari myembamba kama nywele. Alinifundisha kuisoma kwa muda wa chai tatu au nne. Mstari mnene ni ukuta, mstari mwembamba ni dirisha, robo ya duara ni mlango unavyofunguka, na wewe unaangalia kutoka juu kama ndege. Baada ya hapo kila mchana, tulipokuwa tunakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga juu ya mawe, niliikunjua nikaizuia pembe nne kwa kokoto na kutembea ndani ya nyumba ambayo haikuwapo. Siku moja Masalu akaja kukaa karibu, mkono mmoja na kiazi, akaniambia nimsomee. "Hapa anafanyia kazi," nikasema. "Hapa wanakula. Hapa jiko." Masalu akauliza, "Kuta za katikati ziko wapi?" Nikamwambia hakuna. "Ngazi za kutoka vyumbani juu zinashukia wapi?" Mbele ya meza yake ya kuchorea. "Na choo?" Nyuma ya meza yake. Choo cha juu kilikuwepo kwenye mchoro, lakini tulishajua maji ya bomba hayapandi hadi huko. Masalu akatafuna taratibu. "Mkewe si Msukuma wa Magu?" Nikamwambia ndiye. "Sasa mama mkwe akija?" Tukaangaliana. Wengine nao wakaacha kula. "Mwambie basi," Masalu akasema, "wewe ndiye mwenye maswali." Nikamjibu kwamba yeye ndiye fundi mkuu. "Ngosha," akasema, kama Wasukuma tunavyoitana wanaume, "unaanzaje? Unamwendea mwanaume mzima, msomi, unaanza kumwambia habari za mama mkwe wake? Labda anao mpango." Mwingine akasema wasomi wana mipango yao. Tukamaliza michembe, nikakunja karatasi.

Kwa asiyelelewa hivyo, nieleze. Mwanaume na mama wa mke wake hawakai chumba kimoja. Hawali mmoja machoni pa mwenzake, hawapeani mkono, na wakikutana njiani mmoja anaiacha njia, anasimama kwenye majani, anageuza uso mpaka mwenzake apite. Hakuna uadui humo. Ni heshima, na kadiri mnavyoheshimiana ndivyo mnavyosimama mbali. Neno likitakiwa kupita, linapitia kwa mtu wa tatu. Mjini watu wameimudu siku zote katika nyumba za kawaida, tena mbovu, kwa sababu nyumba ya kawaida ina korido na mlango wa uani, na zaidi ya hayo ina saa. Mwanaume anatoka asubuhi kwenda kazini, mama mkwe anapata nyumba mpaka jioni. Mwanaume akirudi anakohoa getini, mama mkwe anaingia chumbani kwake. Ile nyumba ya Injinia haikuwa na korido, na haikuwa na saa. Mwenye nyumba hakuwa na mahali pa kwenda asubuhi, na hicho ndicho alichokuwa anajivunia.

Siku ile ya turubai nilimuuliza Mwalimu Milembe, baada ya miaka yote, kama yeye hakuuona mchoro. "Niliuona," akasema. "Nilimwambia mara moja, tukiwa tunakunywa chai. Akaniuliza, Milembe, tuko karne gani? Hakusema kwa ubaya. Yeye alikulia seminari, akasoma Ulaya, mambo ya ukwe aliyajua kama wewe unavyojua sheria za ndege. Nami nikaona aibu. Mwalimu mzima, natetea mambo ya kijijini. Nikanyamaza." Akavuta stuli karibu. "Halafu nilidhani mama hatakuja. Alikuwa anaogopa mji." Basi tulikuwa watu saba au wanane tuliojua, kila mmoja na heshima yake, na nyumba ikapanda juu yetu hivyo hivyo.

Ilipokwisha ilikuwa nzuri. Nasema hivyo mimi niliyeona baadaye nyumba za wenye migodi. Paa la zege lilikuwa bapa, linatokeza mbele kama ukingo wa kofia, kwa hiyo jua halikuingia lakini mwanga uliingia wote. Lile jiwe lilitoboa ukuta likakaa ndani kama ng'ombe aliyelala, na ubavu wake wa ndani ulibaki wa baridi hata mchana wa Oktoba. Ukikaa kwenye meza ya kuchorea ulipitisha macho juu ya meza ya chakula, juu ya jiko, kupitia kioo, hadi soko la samaki la Mwaloni na maji yenyewe, bila kitu chochote kukukata. Kina mama wa dagaa, ambao walituona kutoka chini kama tulivyowaona, walimwita kwa majina. "Injinia! Pazia limekukosa? Tukuchangie?" Mwingine alitaka kujua kama hicho ni kituo cha basi, na basi la kwenda wapi. Yeye aliwapungia mkono kwa penseli. Mimi nilibaki pale kazi ya ujenzi ilipoisha, nikawa napanga mawe ya ua na vidato vya kupandia, nakula jikoni kwao. Nilisikia kila kilichosemwa ndani, maana hapakuwa na kitu cha kuzuia sauti.

Mama mkwe alikuja mwezi wa pili baada ya wao kuhamia. Tulimwita Bibi Nyanzobe. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari wa hospitali alisema watampasua la kulia kwanza, wasubiri lipone, halafu la kushoto. Asirudi kijijini kati ya hapo, kwa sababu ya moshi na vumbi. Alipanda kutoka barabarani, mwanamke mrefu mwembamba, kitenge kimefungwa kifuani, ameshikwa mkono na bintiye. Injinia alimwona kwa kioo akatoka mbio kwa furaha kumpokea. Bibi alisikia viatu vya kiume, akageuka akajibanza nyuma ya mawe niliyoyapanga asubuhi ile, akafunika kichwa. "Karibu, mama!" Injinia akasema. Bibi akayaambia mawe, "Milembe, mwambie nimekaribia." Kisha akasimama pale nusu saa. Mlango wa mbele uliingia kwenye chumba kikubwa. Mlango wa jiko uliingia kwenye chumba kikubwa. Mwisho Mwalimu akaniangalia mimi, nami nikaleta ngazi yetu ya ujenzi, ya miti na misumari, nikaiegemeza kwenye dirisha la chumba cha juu. Mama yule wa miaka sabini, macho hayaoni vizuri, akapanda kidato kimoja kimoja, mimi nyuma yake nikiwa nimegeuza uso, bintiye juu akimvuta mikono. Hivyo ndivyo alivyoingia.

Wakawekeana utaratibu, yaani Mwalimu aliuweka kati yao. Saa nne asubuhi na saa kumi jioni Injinia atatoka nje, ataenda kununua gazeti au kunyoosha miguu hadi Mwaloni, robo tatu ya saa. Akitoka atakohoa na kuufunga mlango kwa nguvu. Bibi atashuka, atakwenda msalani, ataoga, atapitisha mkono kwenye ukuta kurudi juu. Juma la kwanza lilikwenda vizuri. Bibi akapasuliwa jicho la kulia, akarudi amefungwa kitambaa, na mimi ndiye niliyekuwa mtu wake wa mchana, maana Mwalimu alikuwa shuleni. Nilimpelekea uji na chai hadi kwenye kidato cha mwisho cha ngazi, naviweka, nakohoa, nashuka. Ukuta wa chumba chake haukufika darini na badala ya mlango palikuwa na pazia, kwa ajili ya hewa, kwa hiyo tuliongea bila kuonana. "Shija," aliniuliza siku moja, "huyu mtoto wa watu atakwenda kazini lini?" Nikamwambia, "Bibi, kazi yake ni hapa hapa." Akauliza, "Hapa anafanya nini?" Anachora. "Anachora siku nzima?" Siku nzima. "Hana ndugu wa kutembelea? Hana hata deni la kwenda kudai?" Nilicheka, na Injinia chini akainua kichwa akauliza nacheka nini. Nikasema hakuna kitu.

Kazi ikamkamata Injinia. Kulikuwa na tajiri mmoja wa minofu aliyetaka kujenga ofisi na nyumba ufukweni, na alikuwa ameahidi kuja Jumamosi fulani kuangalia kama huyu mtu anayesifiwa anajua kazi. Injinia akaanza kumchorea kabla ya kuombwa. Alipokuwa anachora hakusikia redio, hakusikia njaa. Saa nne ikapita siku ya kwanza, akakumbuka saa sita. Siku ya pili hakukumbuka. Mimi nilikuwa nje na mawe yangu, nikiona mgongo wake kwenye kioo, nikijua nani yuko juu anasikiliza mlango. Ningeweza kuingia nikamgusa bega. Mara mbili niliingia. Alisema, "Ndiyo, ndiyo, Shija, dakika moja," bila kuinua macho, na dakika ile ikawa jioni. Ndoo ilikuwepo juu, Mwalimu aliipeleka, lakini ndoo lazima mtu aishushe, na njia ya kuishusha ilikuwa ile ile, mbele ya meza. Bibi hakuitumia.

Niligundua kwa sababu chai ilinimwagikia. Nilikuwa nimeinama chini ya dirisha lake nikapata kikombe kizima shingoni, cha moto. "Bibi, umenichoma!" Kichwa chenye kitambaa kikatokeza. "Pole, mwanangu, sikujua kuna mtu." Nikamuuliza kwa nini anamwaga chai. "Chai inataka kushuka," akasema. "Nikinywa, nayo inaanza kuniuliza lini." Nikamuuliza tangu lini anafanya hivyo. Akasema ni siku chache, na mwili umezoea. Nilipomtazama vizuri midomo ilikuwa imepasuka kama tope la ziwa likikauka.

Nikaingia ndani nikasimama kati ya Injinia na mwanga wake, ndiyo njia pekee ya kumfanya ainue kichwa. Nikamweleza yote, mimi mpasua mawe tu. Aliweka kalamu chini. "Kwa nini hakusema?" akauliza. Nikamjibu, "Angesema na nani?" Akajipangusa uso. Nikamwambia tunaweza kujenga ukuta wa mawe kutoka mwisho wa ngazi hadi mlango wa choo, urefu wa mtu, siku mbili tu, mawe yapo. Akavuta karatasi, akauchora ukuta wenyewe, mistari miwili, haraka. Akauangalia. Niliusoma pamoja naye, kwa hiyo najua alichokiona. Ukuta ulikata chumba katikati, na mtu aliyekaa mezani hakuona tena ziwa, aliona mawe. Akachukua wembe, akaanza kuukwangua wino polepole, kama wanavyofanya, hadi karatasi ikabaki na kovu tu. "Baada ya Jumamosi," akasema. "Shija, nakuapia. Huyu mtu akishapita tutaujenga mimi na wewe kwa mikono yetu. Mpaka hapo nitatoka. Nitatoka saa nne na saa kumi." Na kweli alitoka, siku zote tatu zilizobaki. Bibi akanywa chai. Nilifurahi nikadhani limekwisha.

Jumamosi tajiri alikuja saa tano na watu wawili. Alikuwa mtu mnene, mpole, anayegusa vitu. Aligusa jiwe akacheka kwa baridi yake. Alikaa kwenye kiti cha Injinia akatazama ziwa muda mrefu kiasi kwamba Mwalimu jikoni alishika mdomo. "Hii ndiyo ninayoitaka," akasema. Injinia alikuwa kama mtu mwenye homa. Alieleza upepo, alieleza mwanga, akapanda ngazi akieleza, mgeni nyuma yake. Nilikuwa mlangoni na beseni la maji ya kunawa. Nilimwona Mwalimu anainua mkono kumzuia, neno halikutoka. Injinia alikuwa anataka kuonyesha jinsi ukuta wa chumba usivyofika darini. Akavuta pazia. Bibi alikuwa amekaa kitandani anakula michembe, kichwa wazi, mkono uko mdomoni. Sahani ilianguka. Aligeuka ukutani akavuta kitenge usoni, akabaki hivyo, mgongo tu, mifupa ya mgongo ikionekana. "Shikamoo, mama," tajiri akasema kwa heshima. Bibi hakuweza kujibu, mkwewe amesimama pale pale. "Shikamoo, mama," akarudia kwa sauti zaidi. Injinia angeweza kusema ni mama mkwe wangu. Neno hilo moja lingetosha, yule tajiri alikuwa Mtanzania kama sisi, angeruka nyuma kwa aibu na wote tungecheka chini. Lakini alikuwa na ile nyumba kinywani, nyumba ya watu wasiofichana. Akasema, "Hasikii vizuri." Akarudisha pazia, wakashuka.

Tajiri akampa ile kazi, na baada ya hiyo nyingine zikaja, na ndiyo maana leo vijana wa chuo wanalala chali sakafuni. Jumapili Bibi akamwambia bintiye anataka kwenda nyumbani kesho. Mwalimu alilia, alipiga magoti, alimwambia daktari anataka majuma matatu tu jicho la kushoto lifanyiwe. Nilisikia kila neno kutoka uani. "Jicho moja linanitosha kuona ng'ombe," Bibi alisema. Injinia alimtuma mkewe mara tano kuomba radhi, na radhi ilipokelewa mara zote tano, bila kubadilisha lolote. Hakurudi tena mjini. La kushoto lilizima kabla ya mavuno yaliyofuata, na lile lililopasuliwa, kwa moshi wa kuni na vumbi, lilimfaa miaka michache tu, akamalizia maisha yake akiongozwa kwa fimbo na wajukuu. Ukuta haukujengwa.

Jumatatu asubuhi niliegemeza ngazi ya miti dirishani, kumshusha alivyopanda. Bibi akatokeza kichwa akaiangalia kwa lile jicho jipya. "Toa," akasema. "Leo nitashuka na za ndani. Mwambie mwenye nyumba anipishe." Nikaingia nikamwambia Injinia. Akainuka mezani bila neno, akatoka kwa mlango wa jiko akazunguka, akasimama nje nyuma ya lile jiwe kubwa, upande wake wa nje, amegeuka, paji la uso amelielekeza kwenye jiwe. Palikuwa na tundu la hewa kati ya jiwe na ukuta, upana wa kiganja, alilolichora mwenyewe. Kila kilichosemwa ndani alikisikia. Bibi alishuka taratibu, mkono kwa Mwalimu, kidato kwa kidato, akafika chini akasimama katikati ya chumba. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukiona, maana alipokuwa akipita kabla alikuwa na kitambaa au haraka. Aliiangalia meza. Aliangalia vioo, jiko, maji. Akaweka kiganja juu ya jiwe.

"Shija," akasema, "mwambie mkwe wangu nyumba yake nimeiona. Ni nzuri."

Nikasogea kwenye tundu. "Injinia," nikapaza sauti, "anasema nyumba ameiona, ni nzuri!"

"Usipige kelele," Bibi akasema. "Sisi wote hapa tunasikia vizuri."

Sauti ikatoka kwenye jiwe, ya chini sana, "Shija, mwambie nimekosa. Mwambie ukuta nitaujenga leo hii. Abaki kwa ajili ya jicho."

"Bibi, anasema amekosa, na ukuta ataujenga leo."

"Mwambie asiharibu chumba," Bibi akasema. "Mimi ninakwenda, huo ukuta atamjengea nani?" Akafikiri, kiganja bado kwenye jiwe. Upande wa pili, pengine kwenye usawa ule ule, lilikuwa paji la uso la mwenzake. "Mwambie awe anatoka. Mwanaume atoke, hata kama hana pa kwenda. Akazunguke, akasalimie watu. Watu wa ndani nao wanahitaji kuachiwa nyumba."

Nikainama kwenye tundu nikayarudia yote, safari hii kwa sauti ya kawaida. Nikabaki nimeinama, nikisubiri jibu nimpelekee. Nilisikia anavuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza, akaacha, akavuta tena. Mwalimu alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Bibi alisubiri na yeye, kwa subira, kichwa amekiinamisha upande wa jiwe, muda mrefu kuliko heshima ilivyodai. Halafu akaokota kifurushi chake akanishika mkono.

"Twende, mwanangu," akasema. "Basi la Magu halitangoja."